Homa ya Wiki ya Nne



Katikati ya Aprili 2020, ndani ya siku kumi tu, madaktari wa Evelina, hospitali ya watoto iliyoko London, walijikuta na watoto wanane wenye ugonjwa ambao hawakuweza kuupa jina. Wote walikuwa wazima wa afya kabla ya hapo. Homa iliwapanda hadi kati ya nyuzi 38 na 40 na haikukubali kushuka. Macho mekundu, vipele mwilini, mikono na miguu imevimba, tumbo linauma, wanatapika, wanaharisha. Kisha presha ikaporomoka. Saba kati yao iliwabidi wapumuliwe kwa mashine. Mmoja, mvulana wa miaka 14, alifariki.

Wakati ule dunia nzima ilikuwa ikizungumzia mapafu. Watoto hawa, wengi wao, mapafu hayakuwa na shida kubwa. Walipopimwa korona kwa majimaji ya puani na ya njia ya hewa, majibu yakaonyesha hawana. Na kuna jambo ambalo sisi huku tunapaswa kulisikia vizuri: sita kati ya wanane walikuwa watoto wa familia zenye asili ya Afrika na Karibi.

Italia nako, katika mji wa Bergamo ambao korona iliupiga vibaya sana mwezi Machi, hospitali ya Papa Giovanni XXIII ilikuwa imeshaona dalili hizo hizo. Wao walizifananisha na ugonjwa wa Kawasaki, ugonjwa wa nadra wa watoto wadogo ambao daktari wa Kijapani, Tomisaku Kawasaki, aliueleza mwaka 1967. Katika miaka mitano iliyotangulia, hospitali hiyo ilikuwa imepokea watoto 19 wa aina hiyo. Safari hii, kuanzia Februari 18 hadi Aprili 20, walipokea 10. Damu yao ilipopimwa kutafuta kingamwili, yaani alama zinazobaki mwilini baada ya kupambana na kirusi, watoto wanane kati ya kumi walikuwa nazo. Korona ilikuwa imewapitia na kuondoka, ndipo ugonjwa huu ukaja.

Hapo fumbo likaanza kufumbuka. Mei mosi, madaktari wa watoto wa Uingereza wakaupa ugonjwa jina la PIMS-TS. Mei 14, Marekani wakauita MIS-C, na kesho yake Shirika la Afya Duniani likatoa vigezo vya kuutambua. Leo nitatumia MIS-C, maana ndilo lililoenea. Mzee Kawasaki mwenyewe alifariki Juni 5 mwaka huo huo akiwa na miaka 95, siku ambazo jina lake lilikuwa likitajwa katika wodi za watoto kila bara.

Niueleze ugonjwa kwa lugha ya nyumbani. Mtoto anaambukizwa korona. Mara nyingi haonyeshi kitu, au anapata mafua ya siku mbili na kuendelea kucheza. Wazazi wanasahau, au hawakujua kabisa. Wiki mbili hadi sita baadaye, kinga ya mwili wake inageuka na kuwasha moto ndani ya mwili wenyewe. Moyo unavimba na kulegea, matumbo yanavimba, figo, ngozi, macho, wakati mwingine na ubongo. Mishipa inayolisha moyo inaweza kutanuka isivyo kawaida. Kirusi chenyewe kwa wakati huo mara nyingi hakipo tena puani, ndiyo maana kipimo kinasema hana. Wengi wanaougua ni wa umri wa shule ya msingi, miaka minane au tisa hivi, tofauti na Kawasaki ya kawaida ambayo huwapata zaidi walio chini ya miaka mitano.

Sisemi haya ili kumtia mzazi hofu. Ugonjwa huu ni wa nadra. Katika mwaka wa kwanza wa janga, hesabu za Marekani zilionyesha takriban mtoto mmoja kwa kila watoto 3,000 na ushei walioambukizwa. Asilimia moja au mbili ya waliougua huko ndio waliofariki. Mtoto anayewahiwa kwa kawaida anapona. Lakini neno "anayewahiwa" lina uzito, na juu ya neno hilo ndipo yanaposimama mazungumzo yangu ya leo.

Turudi kwenye wale sita kati ya wanane. Kati ya Aprili 27 na Mei 11, hospitali ya Necker jijini Paris ilipokea watoto 21 wenye ugonjwa huu, na 12 kati yao walikuwa na wazazi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara au Karibi. Marekani nako watoto weusi na wale wa asili ya Amerika ya Kilatini waliugua kupita idadi yao. Sehemu ya sababu inaeleweka: familia hizo ndizo zilizokuwa zikiendesha mabasi, kusafisha hospitali, kuuza katika maduka ya chakula na kuishi wengi katika nyumba ndogo. Kirusi kiliwapata zaidi, na MIS-C ikakifuata. Iwe hiyo ni sababu yote au sehemu tu, daktari yeyote mwenye akili timamu angeuliza palepale: je, kule Afrika kwenyewe hali ikoje?

Swali hilo lilikosa jibu kwa muda mrefu. Tahadhari ya kwanza kwa madaktari wa Uingereza ilitoka mwishoni mwa Aprili 2020. Muda mfupi baadaye, takwimu za korona za Tanzania zilisimama zikiwa zimefikia wagonjwa 509, na hazikurudi hadi katikati ya mwaka uliofuata. Za Kenya ziliendelea kutolewa, lakini nazo zilionyesha sehemu ndogo tu ya ukweli. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walipima damu ya wachangiaji zaidi ya 3,000 kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakakuta takriban mtu mmoja kati ya ishirini ana kingamwili za korona, wakati ambapo wagonjwa waliothibitishwa nchi nzima walihesabika kwa maelfu machache. Kufikia miezi mitatu ya mwanzo wa 2021, waliokuwa nazo walikaribia nusu. Wachangia damu ni watu wazima, lakini wanalala nyumba moja na watoto. Kirusi kilichoingia kwa nusu ya wakubwa hakikuwaruka wadogo.

Kwa hiyo tulipokuwa tukiambiana kuwa watoto wetu korona haiwagusi, wengi wao ilikuwa imeshawapitia. Kauli ile ilikuwa kweli kwa sehemu kubwa, maana mafua yao yalikuwa mepesi. Ila ilitufanya tusitazame nyuma. Nani angeunganisha mafua ya Juni na tumbo la Julai?

Afrika Kusini walitazama. Cape Town, hospitali mbili kubwa zilipokea watoto 23 wenye MIS-C kati ya Juni 4 na Julai 24 mwaka 2020, wiki chache baada ya wimbi la kwanza kupanda pale. Wote waliishi. Waliishi kwa sababu madaktari walikuwa wanaungojea ugonjwa, vyumba vya wagonjwa mahututi vipo na mashine za kupima moyo zipo. Baadaye mtandao wa AFREhealth ulikusanya habari za watoto 469 waliolazwa kwa korona katika nchi sita: Kongo, Ghana, Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Uganda. Watoto 39 walifariki, yaani zaidi ya wanane katika kila mia. Waliotambuliwa au kushukiwa kuwa na MIS-C walikuwa 18, na wanne kati yao walifariki. Idadi ni ndogo, sitaki kuitwisha mzigo isioweza kuubeba. Hata hivyo wanne kati ya 18 ni mbali sana na mmoja au wawili katika mia.

Sasa niwapeni picha ya mazungumzo ambayo kila mmoja wetu ameshayasikia, awe Tandika, awe Kisauni. Mama ameingia duka la dawa jioni, mtoto wa miaka saba amemlalia begani.

"Dokta, homa haishuki. Leo siku ya nne."

"Umempima, mama?"

"Juzi zahanati. Malaria hana. Wakasema itakuwa taifodi, nikapewa dawa."

"Anaharisha?"

"Anaharisha na kutapika. Tumbo nalo hataki hata uliguse. Na macho, muone, yamekuwa mekundu tangu asubuhi."

"Basi nikupe ya tumbo, na hii ya kudondoshea macho. Panadol unayo?"

Muuzaji huyu hana nia mbaya, na mama amefanya kila ambalo mama hufanya. Kilichotokea ni kwamba ugonjwa mmoja umekatwa vipande. Homa imepewa dawa yake, tumbo lake, macho yake. Kesho vikitokea vipele, mtu atasema ni aleji ya ile dawa ya taifodi, na atapewa ya kupaka. Hakuna aliyepata nafasi ya kuviona vyote pamoja kwenye mwili wa mtoto mmoja, na MIS-C huonekana pale tu mtu anapoviona vyote pamoja.

Wala si maduka ya dawa peke yake. Uingereza, katika hospitali zenye kila kitu, baadhi ya watoto hawa walionwa kwanza na madaktari wa upasuaji, kwa sababu tumbo liliwauma upande ule ule wa kidole tumbo. Kama huko ilitokea hivyo, huku ambako homa ina majina matatu tu, malaria, taifodi na UTI, mtoto anaweza kupita mikononi mwa watu wengi kabla mmoja hajasema hapana, hapa kuna jambo lingine. Kipimo cha haraka cha malaria kimetusaidia sana. Kabla yake kila homa ilimezeshwa dawa ya malaria. Lakini kipimo kikisema hana, kazi ndiyo kwanza inaanza. Na hata kikisema anayo, katika maeneo yenye malaria nyingi mtoto anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na bado kinachomuua kikawa kingine.

Basi mzazi atazame nini? Homa ya siku tatu au zaidi, pamoja na mawili matatu kati ya haya: macho mekundu yasiyo na tongo wala usaha, midomo iliyokauka na kupasuka, au ulimi mwekundu wenye vidutu, vipele mwilini, ambavyo kwenye ngozi nyeusi havionekani vyekundu kama vitabuni, huonekana kama weusi uliokolea au ngozi ya kukwaruza unayoihisi ukipapasa, viganja na nyayo kuvimba, tumbo kuuma vibaya, kutapika, kuharisha, mtoto kulegea kupita kiasi. Mtoto wa namna hii ni wa hospitali, na ni wa leo. Akianza kupumua mbio, mikono ikawa ya baridi, akawa hajielewi vizuri au hajakojoa tangu asubuhi, usingoje kuche.

Pale hospitali, kuna jambo dogo ambalo napenda kulisimulia taratibu, kwa sababu limeokoa watoto wengi na halihitaji umeme. Muuguzi anashika mkono wa mtoto. Anabonyeza ukucha wa kidole gumba kwa sekunde chache mpaka unageuka mweupe, kisha anaachia na kuhesabu: moja, mbili, tatu. Kwa mtoto mwenye damu inayozunguka vizuri, wekundu unarudi kabla hajafika tatu. Usiporudi, na mkono ni wa baridi, na mshipa unadunda haraka lakini kwa unyonge, basi damu haifiki viungoni, na mtoto huyo anatoka kwenye foleni na kuingizwa ndani muda huo huo. Wauguzi wetu wengi wamefundishwa hili. Shida ya MIS-C ni kwamba baadhi ya watoto mikono yao hubaki ya moto na ukucha unarudi haraka, ilhali presha imeshaporomoka. Kwa hao hakuna njia ila kupima presha. Na hapa nasema kwa uchungu: vituo vingi vina mashine ya presha, lakini mkanda ni wa mtu mzima. Mkanda mpana ukiufunga kwenye mkono mwembamba wa mtoto unatoa namba ya chini kuliko iliyopo, mhudumu anaona kwamba si ya kuaminika, na mwishowe anaacha kabisa kuwapima watoto. Mkanda wa saizi ya mtoto si kifaa cha anasa. Unapaswa kuwepo kila kituo kinachopokea watoto wagonjwa, na wajumbe wa kamati za afya za vijiji na kata mnaonisikiliza mnaweza kuuulizia kwa jina kwenye kikao kijacho.

Kuna na suala la maji ya dripu. Ukimwona mtoto amelegea na presha iko chini, mkono unataka kumwagia dripu haraka haraka. Afrika Mashariki tulishajifunza, kwa gharama kubwa, kwamba haraka hiyo inaweza kuua. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika Kilifi kule Kenya, Muheza hapa Tanzania, na hospitali za Uganda zikiwemo Mulago, Mbale na Soroti. Watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri walishirikishwa. Kati ya waliopewa maji mengi kwa haraka, kumi na nusu katika kila mia walifariki ndani ya saa 48. Kati ya wasiopewa kwa haraka, walifariki saba na ushei. Utafiti ule haukuhusu korona, ulikuja miaka tisa kabla. Lakini mtoto wa MIS-C ni mtoto mwenye moyo uliovimba na usiosukuma vizuri, na moyo wa namna hiyo ukiumwagia maji unazama. Anapewa kidogo, anatazamwa, anasikilizwa kifua, ndipo anaongezwa ikibidi. Daktari kijana wa Muheza anayejua habari ya FEAST ana elimu iliyotoka kwenye wodi za kwao, na elimu hiyo itamfaa mbele ya mtoto huyu.

Kwa nini kinga ya mwili igeuke? Watu wa Afrika Mashariki tuna mfano wa karibu, kwa bahati mbaya. Wodi za moyo, ikiwemo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, zinawajua vizuri vijana ambao milango ya moyo imeharibika kutokana na mafindofindo yaliyoachwa bila tiba utotoni. Kidudu cha koo kina sehemu zinazofanana na sehemu za moyo. Mwili unatengeneza silaha za kukipiga, na wiki mbili tatu baadaye silaha hizo zinapiga moyo. MIS-C inaelekea kuwa na kitu cha ukoo huo. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walieleza kwamba kwa takriban theluthi moja ya watoto waliowachunguza, kinga ilikuwa ikishambulia protini ya mwili iitwayo SNX8, na kipande cha kirusi cha korona kinafanana na kipande cha protini hiyo. Theluthi moja si watoto wote, kazi bado inaendelea. Kwa mzazi, la muhimu ni kwamba haikuwa kosa la chakula, wala baridi, wala jicho la mtu.

Sasa dawa, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo lilipo tumaini letu kubwa.

Mwanzoni, kwa kuwa ugonjwa ulifanana na Kawasaki, madaktari wa Ulaya na Marekani waliutibu kwa dawa ya Kawasaki: imunoglobulini ya kupitisha kwenye mshipa. Hii hutengenezwa kwa kukusanya maji ya damu ya maelfu ya wachangiaji na kuchuja kingamwili zao. Dozi ni gramu mbili kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo 20 anahitaji gramu 40. Ni dawa ghali mno. Hospitali nyingi za mikoa na kaunti hazijawahi kuiweka stoo, na familia ikiambiwa iitafute yenyewe inaweza kuuza kiwanja. Kama huo ndio ungekuwa mlango pekee, watoto wetu wengi wangebaki nje.

Lakini madaktari walianza kugundua kuwa steroidi, dawa za kutuliza mwili uliowaka, nazo zinafanya kazi. Steroidi si ngeni kwetu. Prednisoloni ipo kwa ajili ya pumu, deksamethasoni na haidrokotisoni zipo karibu kila hospitali ya wilaya, na bei yake ni ya kawaida. Swali likawa: zinatosha? Mwaka 2021 yakachapishwa matokeo ya utafiti ulioratibiwa kutoka Imperial College ya London, wa watoto 614 kutoka nchi 32. Watafiti waliwalinganisha waliopewa imunoglobulini peke yake, waliopewa imunoglobulini na steroidi, na waliopewa steroidi peke yake. Hawakuona tofauti ya wazi katika kupona. Tafiti nyingine, za Ufaransa na Marekani, ziliona kwamba kuongeza steroidi juu ya imunoglobulini kunausaidia moyo kuliko imunoglobulini peke yake. Wataalamu walibishana, na bado katika hospitali tajiri wengi wanatoa zote mbili. Mwezi Novemba mwaka huo huo, Shirika la Afya Duniani likapendekeza steroidi kwa watoto waliolazwa na MIS-C, pamoja na huduma nyingine za kumtegemeza mgonjwa.

Mimi naona hii ni moja ya habari kubwa kabisa za janga zima kwa mtoto wa Kiafrika, na ilipita bila kelele. Tulizungumza miezi na miezi kuhusu mashine za kupumulia ambazo hatukuwa nazo. Hapa ilikuwepo dawa iliyo kwenye kabati letu wenyewe, na kilichopungua ni mtu wa kuutambua ugonjwa. Mtoto wa Tabora au wa Busia anaweza kutibiwa MIS-C na hospitali yake ya karibu, mradi daktari aseme jina la ugonjwa kabla moyo haujachoka. Kwa hiyo mafunzo ya tabibu wa zahanati, na ujasiri wake wa kumpa mtoto rufaa siku ya tatu badala ya ya saba, vinaokoa kuliko chupa ya imunoglobulini iliyo kilomita 500.

Hapa hapa niweke onyo. Steroidi ni dawa ya hospitali. Usiende dukani kesho ukasema redio imesema deksamethasoni inatibu homa ya mtoto. Kama homa ile inatokana na kifua kikuu, au na bakteria walioingia kwenye damu, steroidi ikitolewa bila uchunguzi inaweza kumwangamiza. Aspirini nayo madaktari huitoa kwa dozi ndogo kwa baadhi ya watoto hawa ili damu isigande, lakini mzazi asimpe mtoto aspirini kwa homa ya nyumbani. Ina hatari zake kwa ini na ubongo.

Leo ugonjwa huu umepungua sana. Tangu aina ya kirusi iitwayo Omikroni ienee, mwanzoni mwa 2022, watoto wanaoupata ni wachache mno ukilinganisha na 2020. Sababu mojawapo ni kwamba karibu kila mtu sasa ana kinga fulani, ya kuugua au ya chanjo. Marekani walipima kwa vijana wa miaka 12 hadi 18 wakaona dozi mbili za chanjo ya Pfizer zilipunguza MIS-C kwa takriban asilimia 91. Lakini korona bado ipo, na kila mwaka wanazaliwa watoto ambao hawajawahi kukutana nayo. Kawasaki nayo ipo, ilikuwepo kabla ya korona na huku imekuwa ikikosewa miaka yote hiyo kwa njia ile ile. Daktari anayejifunza kuitambua MIS-C ataitambua na Kawasaki.

Nimalizie na mtoto aliyepona, maana wengi wanapona, na hapo ndipo familia hupumua na kusahau kliniki. Great Ormond Street, hospitali ya watoto ya London, iliwafuatilia watoto 46 kwa miezi sita. Moyo ulipopimwa kwa eko, yaani picha ya moyo, 44 kati yao walikuwa wamerudi sawa. Ni habari njema kweli. Lakini walipoambiwa watembee kwa dakika sita, karibu nusu ya waliopimwa walikwenda umbali mfupi mno kwa umri wao. Watoto walionekana wazima, wanakula, wanacheka, ila nguvu zilikuwa bado hazijarudi.

Kwa hiyo mtoto akiruhusiwa, karatasi yake ya hospitali itunzwe pamoja na kadi ya kliniki. Eko irudiwe baada ya wiki moja au mbili, na tena baada ya wiki nne hadi sita, hata kama safari ya kwenda mjini ina gharama. Kama alipewa imunoglobulini na bado ana chanjo za surua za kumalizia, mwambieni mhudumu wa chanjo, kwa sababu dawa ile huizuia chanjo hiyo isishike kwa miezi kadhaa. Na kama moyo uliguswa, mpira na mbio zisubiri miezi mitatu hadi sita. Mzazi aende shule mwenyewe akazungumze na mwalimu wa michezo, amwonyeshe karatasi, ili mtoto anayesema amechoka asilazimishwe kumaliza mizunguko ya uwanja.